Karantini ya Kitukuu Wangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeanza daftari jipya. La zamani limejaa habari za watu wasiostahili karatasi.

Mtoto ana siku tatu. Msichana. Kilo tatu na robo. Amezaliwa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Kitukuu wangu wa kwanza! Nimemkagua vidole vyote. Vipo. Masikio ni yangu. Pua ni ya kule kwa kina baba yake, Ilagala, lakini naikanda kila asubuhi, itakaa sawa.

Mama yake ni Merina, mjukuu wangu. Nimemlea mimi tangu ana miaka minne, mama yake alipoolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Hilo hata mbuzi wa Ujiji wanalijua. Mzazi akae siku arobaini. Akandwe maji ya moto, afungwe mkaja tumboni, anywe uji wa pilipili manga, asiguse ufagio. Ndivyo nilivyofanyiwa. Ndivyo nilivyofanya.

Leo Mama Nasri amepiga simu. Huyu ndiye mama mkwe wa Merina. Shikamoo mama, akasema. Shikamoo yake imenyooka vizuri, na ndani ina kisu. Akasema Ijumaa ni siku ya saba, atakuja kumnyoa mtoto nywele, na Jumamosi asubuhi ataondoka na watu wake wawili, mama na mtoto. Nikamwambia arobaini. Akasema arobaini zitahesabiwa Ilagala, kwani siku ni vitumbua, kwamba lazima zipikwe kwa Bi Faida? Bi Faida ni mimi, na vitumbua nauza mlangoni kwangu.

Nimekata simu. Kisha nimepiga tena kumwambia nimekata kwa makusudi, asije akadhani ni mtandao.

Nyumba hii ina vyumba vitatu. Tangu Merina aolewe ilikuwa na mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi, nimeshajizoea. Sasa kuna nguo ndogo kwenye kamba yangu. Kuna mtu analia na si redio. Haondoki mtu hapa.

Nahitaji sheria kubwa kuliko mama mkwe.

Jumanne, 2 Septemba

Sheria imepatikana! Ilikuwa ukutani zahanati muda wote huo.

Tumempeleka mtoto kuangaliwa kitovu. Frida ndiye aliyekuwa zamu. Frida ni muuguzi na ni jirani yangu, nyumba ya tatu. Wakati anamfunua mtoto nikawa naangalia bango. Mtu ananawa mikono, mlango umefungwa, maandishi makubwa juu. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza kwenye madaftari ya watoto wangu wakiwa wamelala, kwa hiyo nasoma polepole na kwa hasira. Nikasoma: karantini.

Nikamuuliza Frida hili neno kwao wapi. Akasema ni la Kiingereza. Nikamwambia sijauliza limepita wapi, nimeuliza kwao. Akacheka, akasema chuoni waliambiwa. Zamani sana tauni ilikuwa inaua watu Ulaya. Kuna mji Italia umejengwa majini, unaitwa Venisi. Meli ikitoka mbali ilitia nanga nje. Hakuna kushuka, hakuna kupakua, mpaka ziishe siku arobaini. Na arobaini kwa lugha ya huko ni kuaranta. Waingereza wakalichukua neno wakalivalisha kofia yao. Sisi tumelipata kwao.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aape. Akasema Bibi, kuna foleni.

Arobaini! Ndani ya neno la hospitali! Mimi nabishana na watu miaka yote hii, naambiwa mambo ya kizamani, kumbe liko ukutani na muhuri wa serikali. Nimetembea kurudi nyumbani kama mtu aliyechaguliwa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia Mama Nasri baada ya chai. Nimetumia sauti ya mtangazaji. Nimemwambia mzazi na mtoto wamewekwa karantini, hawatoki, na haingii mtu. Nikamweleza Venisi yote, meli, nanga, tauni, kuaranta. Nikamwambia arobaini imo ndani ya neno lenyewe kama mwiba ndani ya mgebuka, huwezi kuutoa bila kumharibu samaki.

Akauliza ugonjwa gani.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikamwambia ugonjwa si lazima, neno linatosha. Akasema, ala. Ilikuwa ala fupi. Sikuipenda.

Merina alikuwa ananyonyesha, amesikia kila kitu. Akasema Bibi, unamdanganya mama mkwe wangu. Nikamwambia sijamdanganya, nimemfundisha lugha. Akasema na Nasri je, mpaka leo hajamshika mwanawe. Nikamwambia Nasri ana mikono ya kuvuta nyavu, inaweza kusubiri. Akageukia ukutani. Ni uchovu wa uzazi. Nimemwongezea pilipili kwenye uji.

Jioni nimechukua mkaa nikaandika mlangoni kwa nje, KARANTINI. Herufi zimekuwa kubwa, NI haikuenea. Nimeimalizia ukutani.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkosi.

Watu wa mtaa huu hawasomi hata bili ya maji, lakini mlango wangu wameusoma wote. Scola, anayekuja kunisaidia kumkanda Merina, amefika saa kumi na mbili na kuni kichwani. Akasimama. Akasoma. Scola ana magoti mabovu. Amekimbia.

Vitumbua vyangu havikununuliwa hata kimoja. Beseni limerudi ndani kama lilivyotoka. Nimekula kumi na moja.

Saa tano akaja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Gervasi. Akasimama ng'ambo ya barabara, akapaza sauti watu wote wasikie: Bi Faida, una nini humo ndani? Nikamjibu nina wajukuu. Akauliza wana ugonjwa gani. Nikamwambia hawana, wana afya tele. Akasema afya haiandikwi mlangoni. Akaenda kumwita bwana afya.

Bwana afya anaitwa Oswald. Ana buti na bomba la dawa mgongoni. Nimemwekea kiti, nimemweleza Venisi tangu mwanzo. Amesikiliza mpaka mwisho, kichwa anatikisa, nikajua nimempata. Kisha akasimama akapulizia choo changu, jiko langu, na sufuria ya sombe, kisamvu cha mchana, ikiwa na sombe ndani.

Frida akaja mbio na sare yake. Akamwambia Oswald katika nyumba hii hakuna ugonjwa, kuna Bi Faida tu. Oswald akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake.

Alipoondoka Frida akanikalisha chini. Bibi, akasema, siku hizi kila ugonjwa una siku zake, mwingine chache, mwingine nyingi. Arobaini ilikuwa ya wale wa meli. Neno limebaki na namba yake tumboni lakini hakuna anayeifuata. Nikamwambia ukishampa mtu kuku usirudi kudai supu. Akashika kichwa.

Sombe ilikuwa ya karanga. Nimeimwaga. Ninayo huzuni.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka na furaha. Siku ya saba, na hakuna mtu atakayethubutu kuingia. Nimevaa kitenge kipya.

Saa nne, hodi. Uani!

Mama Nasri. Amekuja na boti la asubuhi. Nyuma yake Nasri, amebeba godoro, mkeka, dumu la mawese, dagaa kwenye kiroba, sufuria tatu zimeingiana, na kuku wawili wananing'inia kichwa chini wananitazama. Ni mbalamwezi sasa. Mwezi ukiwa mkubwa hivi taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo Nasri yuko nchi kavu wiki nzima.

Shikamoo mama. Nikamwambia marahaba, kasome mlango. Akasema ameshausoma. Tena ameusoma vizuri, pamoja na ile NI ya ukutani. Na neno lenyewe, tangu ile simu, amelifikiria njia nzima kwenye boti. Aliye ndani hatoki. Basi na yeye ataingia ndani, akae karantini na mjukuu wake, siku zote arobaini, asije akavunja sheria ya daktari kwa kumtoa mtoto. Akapita. Akatandika godoro chumbani kwangu. Chumbani kwangu!

Niliuwahi mto wangu kabla hajaulalia.

Mtoto amenyolewa baada ya swala. Nasri akataja jina: Tausi. Nilisema ni baya. Ni zuri. Akampokea mwanawe kama anavyopokewa mtu anayeshuka kutoka kwenye boti wakati wa mawimbi, miguu ameipanua, pumzi ameibana. Merina akacheka. Mara ya kwanza wiki hii. Sikumwambia mtu kwamba nimeona.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Nasri anaamka kabla yangu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilipotoka, ua ulikuwa umeshafagiliwa, kuanzia upande ambao mimi namalizia.

Maji yake ya kukanda ni ya uvuguvugu, maji ya kunawia wageni. Akasema maji yangu, kwa heshima zote mama, ni ya kunyonyolea kuku. Hatukukubaliana. Nikakanda upande wa kulia, yeye wa kushoto. Merina akapiga kelele kwamba yeye si unga wa ngano.

Anatia mawese kwenye uji. Kwenye uji! Merina amekunywa akaomba tena. Ni adabu tu.

Alasiri majirani wamerudi. Frida amewatuliza. Wamejaa uani kumtazama mtoto, na nikasafisha koo kuwasimulia Venisi. Kabla sijafika kwenye nanga Mama Nasri akaipokea hadithi. Anasimulia kwa mikono. Maji yakawa meusi, meli zikawa mia, maiti zikaelea. Akaweka na mfalme. Kwa Frida hakukuwa na mfalme. Nikasema hakuna mfalme. Mzee Gervasi akaniambia ninyamaze wasikie.

Venisi ni yangu. Nimeileta mimi kwenye mtaa huu.

Anakoroma pia. Ameweza kukoroma mchana, ameketi.

Jumapili, 7 Septemba

Siwezi siku arobaini na huyu mtu. Nimelala sebuleni na kuku wawili. Wamebaki hai kwa sababu hatukubaliani nani awapike.

Mpango mpya. Ni mwepesi sana, nimeshangaa sikuufikiria mapema. Nimelowesha tambara, nimefuta mlango, nimefuta ukuta. Nikaingia ndani nikatangaza: karantini imekwisha! Wageni wanaweza kurudi makwao, boti lipo, asanteni kwa kuku.

Mama Nasri akasema alhamdulillahi. Hakubisha hata kidogo. Nikaanza kumwonea huruma. Kisha nikamwona anafunga mizigo. Yake. Na ya Merina. Na nepi zangu kutoka kwenye kamba, bado mbichi.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mama, si wewe uliyetufundisha kwamba karantini na arobaini ni kitu kimoja, mwiba na mgebuka? Karantini imekwisha, basi na arobaini imekwisha. Nasri ameshateremka mwaloni, kwenye maboti, kuulizia nafasi.

Nimekwenda jikoni. Nimechukua mkaa. Nimeandika upya. Safari hii NI imeenea.

Mama Nasri amefungua mizigo yake kitu kimoja kimoja, polepole, akivikung'uta vyote.

Merina ametutazama wote wawili. Macho yamemwingia ndani. Nimemwambia ale. Mama Nasri amemwambia alale. Tumemwambia pamoja, kwa sauti.

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika uani, nimekaa juu ya kinu. Nitaeleza kwa nini.

Asubuhi Tausi amelia. Mimi nikaleta beseni la kumwogesha. Mama Nasri naye akaleta beseni. Langu ni la bluu, la kuogeshea watoto, limemwogesha hata Merina. Nikamwambia arudishe lake. Akasema lake lina maji yanayofaa. Nikalivuta kidogo tu. Akalivuta kidogo tu. Maji yote yakaishia kitandani kwa Merina, naye yumo.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisimama, kitenge kinadondosha maji, akambeba Tausi. Akachukua chupa ya uji. Akamwita Nasri, Nasri akaingia, akampa mtoto na chupa. Mwenyewe akatushika mabega, mimi kwa mkono huu, mama mkwe wake kwa ule, akatutoa mpaka uani. Mtu mwenye siku kumi tangu ajifungue! Uji wangu huo. Kisha akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Akasema kwa dirishani: Bibi, Mama, shikamooni. Nyinyi ndio meli. Mimi ndio mji. Tieni nanga hapo hapo.

Mama Nasri akauliza, sauti ndogo kabisa, siku ngapi mwanangu. Merina akasema atatuambia akishalala.

Tumekaa. Yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kinu. Oswald alipita barabarani akachungulia akaenda zake haraka. Saa sita mtoto akalia. Tukasimama wote wawili. Ndani Nasri akaanza kuimba. Anaimba vibaya mno, ni kama anavuta injini isiyowaka. Mtoto akanyamaza. Tukakaa.

Baadaye Mama Nasri akasema, bila kunitazama, kwamba amezaa sita. Wako hai wawili, na wote wanavua. Giza likianza wanaingia ziwani, na yeye anabaki na taa yake mpaka asubuhi, anasikiliza upepo. Akasema hakutaka kuninyang'anya. Alitaka tu kuwe na mtu mwingine anayepumua ndani ya nyumba.

Nikamwambia najua. Nikamwambia tangu Merina aolewe huwa naacha redio inaongea nikienda sokoni, ili nikirudi nikute watu.

Nikamchinja kuku mmoja, yeye akamnyonyoa. Kwa maji yangu. Nimempakulia kidari. Amesema chumvi ndogo. Nimemwambia aende zake Ilagala. Hakwenda, na mimi sikumaanisha.

Jumatano, 10 Septemba

Komeo lilifunguliwa jana alasiri. Merina amelala kwa muda wa saa kumi na tisa, akiamka kunyonyesha tu. Uso umerudi. Ameketi kitandani na Tausi mapajani, Nasri pembeni, akatuita, tukaingia kwa mstari.

Hukumu yake ni hii. Arobaini ataimalizia hapa Ujiji, kwa Bibi, kwa sababu ndiyo desturi na kwa sababu amechoka, wala si kwa sababu ya Waitaliano. Siku ya arobaini na moja anakwenda kwa mume wake Ilagala. Mama Nasri anarudi kesho na Nasri, mwezi unaanza kupungua na kazi inaanza. Kukanda ni mimi. Mapishi ya uji ni ya Mama Nasri, na mawese yamo. Neno karantini lisitajwe tena ndani ya nyumba hii mpaka kuwe na mgonjwa.

Nasri amekubali. Mama Nasri amekubali. Mimi nimetikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa si kiapo.

Nimefuta mlango kwa sabuni. Scola amerudi, anasema alikuwa anaumwa tumbo. Vitumbua vimeisha kabla ya saa mbili.

Arobaini itatimia tarehe nane Oktoba. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Haiongezeki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimewasindikiza mpaka mwaloni. Mama Nasri amenikumbatia mbele za watu. Jicho langu moja limetoa maji, kuna moshi sana pale kwa wakaanga samaki. Nimempa lile beseni la bluu. Sijui kwa nini. Boti limeondoka.

Niliporudi nyumba ilikuwa na watu. Merina anaimba chumbani, Tausi anapiga chafya. Chafya ndogo, kama ya paka. Nimesimama mlangoni kwa muda. Redio sikuiwasha.

Siku ishirini na saba zimebaki.

Frida amepita kuangalia kitovu, kimeshadondoka, kimepona vizuri. Nimempa chai. Nimempa kitumbua. Nimempa cha pili. Nikamuuliza jambo moja tu, la elimu. Nikasema, kule Venisi, meli imekaa siku thelathini na tisa, kesho watu wanashuka. Mara linakuja boti jingine kutoka mbali, mtu wake anapanda kwenye ile meli, anasalimia watu, anakula nao. Hapo inakuwaje?

Frida alikuwa na kitumbua mdomoni, hakuuona mtego. Akasema nafikiri hapo ingebidi hesabu ianze tena, moja. Kisha akaniona uso. Akasema Bibi, hapana. Amesema hapana mara tatu, na mara ya nne akiwa barabarani.

Nimempigia Mama Nasri kabla hajafika hata kwake. Kulikuwa na kelele ya injini, imebidi nipaze sauti. Nimemwambia nimemkumbuka. Nimemwambia tarehe saba Oktoba mbalamwezi itakuwa imerudi, Nasri hana kazi, basi waje wote wawili, washuke kwenye boti waje moja kwa moja wamshike Tausi. Alete na godoro. Na mwezi wa Novemba waje tena, na Desemba, wasikose hata mwezi mmoja.

Akauliza, mama, unaumwa?

Nikamwambia bado.

Nimehesabu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Wakija kila mbalamwezi, Tausi ataanza darasa la kwanza hapa hapa Ujiji, akiwa amefikisha siku ya ishirini na nane ya arobaini yake. Merina sijamwambia. Amelala, na amekatazwa kuamshwa.